Ua la Mchana Mmoja: Hotuba Kuhusu Mpasheni wa Nyumbani

Jumamosi iliyopita nilizungumza na kikundi cha akina mama na vijana wa mtaa wetu hapa Morogoro, chini ya mwembe wa mwenyekiti. Mvua ya asubuhi iliwazuia wengi kufika, na tangu siku ile simu yangu haijapumzika. Haya ndiyo niliyosema, yote, kwa ajili yenu mliokosa.

Mwenyekiti wetu, mama zangu, dada zangu, kaka zangu, nanyi vijana mliokaa kwenye mkeka kule nyuma: assalaam aleykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nianze kwa swali. Ni nani hapa amewahi kupanda mpasheni nyumbani kwake? Nyosheni mikono nione. (Mikono ikawa mingi.) Ahsanteni, shusheni. Sasa nyosheni tena: ni nani amekula pasheni za uani kwake mpaka akapata za kumpelekea jirani? (Mikono minne.) Mnaona wenyewe. Tumepanda wengi, tumekula wachache. Ile mikono mingine imepotelea wapi?

Nimekaa na swali hilo miaka mingi, kwa sababu na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa ile iliyoshuka. Na nililolipata ni hili moja, nitalirudia mpaka mlichoke: mpasheni unataka kutembelewa. Mhindi ukishaupalilia mara mbili unaweza kusafiri. Muhogo ndiyo kabisa, unakungoja. Mpasheni hapana. Mpasheni unataka mtu atoke ndani, aende, asimame mbele yake, atazame. Nenda ukautazame. Mengine yote nitakayosema leo yanatoka hapo.

Kwanza tujue tunazungumzia mpasheni gani. Wenzetu wa Kenya tunda hili wanaliita karakara, ukivuka kwenda Burundi na Kongo utasikia marakuja, sisi tunasema pasheni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, upande wa Brazili. Sokoni kwetu ziko aina mbili. Iko ile ndogo ya zambarau, ikiiva inakunjamana ngozi, tamu, harufu yake inakufikia kabla hujafika gengeni. Na iko ya njano, kubwa zaidi, chachu, yenye maji mengi, ile wauza juisi wanayoipigania. Ya zambarau ni ya baridi; inapenda mlima, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na kuendelea. Ya njano ni ya joto. Inakubali Dar es Salaam, inakubali Tanga, inakubali Unguja, na inakubali hapa mjini petu ambapo tuko kama mita 500 tu.

Dada yangu alinunua pasheni za zambarau zilizoshuka kutoka Mgeta, kule juu milimani Uluguru. Akazipenda, akatunza mbegu, akazipanda hapahapa Morogoro mjini. Zikaota. Zikatambaa. Akamwagilia kila siku kama anayemlea mtoto. Mwaka wa kwanza majani. Mwaka wa pili majani. Mwaka wa tatu akaniita nikautazame ule mmea, na nikakuta uzuri mtupu, kijani kitupu, ua la kutafuta kwa tochi. Alichokosa ni mlima, na mlima hauletwi kwa ndoo ya maji. Kwa hiyo mama zangu, ukiwa huku chini panda ya njano. Ukiwa na ndugu Mgeta, Lushoto au Njombe, mwambie apande ya zambarau. Na msidharau ya njano kwa uchachu wake: watafiti wa KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo kule Kenya, walichagua aina za njano zilizo tamu kwa ajili ya ukanda wa joto, zinaitwa KPF 4, KPF 11 na KPF 12. Ukibahatika kupata mche wake, mkaribishe.

Sasa nije kwenye jambo lililoniliza.

Mpasheni wangu wa kwanza ulikuwa wa njano, na ulikuwa mmoja. Kwa nini nipande miwili? Ua wangu ni mdogo, na mpasheni mmoja unafunika uzio mzima. Kweli ukafunika. Ukapanda seng'enge, ukafunika bafu la nje, ukamfuata jirani kwake. Mwezi wa tisa tangu nipande, ukatoa maua.

Ni nani amewahi kulitazama ua la mpasheni kwa karibu? Siyo kulipita, kulitazama. Chini kuna petali nyeupe. Juu yake kuna nyuzinyuzi nyingi zimesimama duara kama ushanga wa bibi harusi, zambarau kwenye shina lake, nyeupe kwenye ncha, zimekunjamana kidogo kama nywele zilizofumuliwa. Katikati kimesimama kijiti. Kwenye kijiti kuna vitu vitano vimening'inia vimejaa unga wa njano: hiyo ndiyo chavua, ndiyo mbegu ya kiume. Juu yake kabisa kuna vitu vitatu vyenye vichwa kama misumari: huko ndiko kwa kike. Na chini ya hiyo misumari kuna kitumbo kidogo cha kijani. Hicho kitumbo ndicho pasheni.

Mapadre wa Kihispania walipoliona ua hili huko Amerika ya Kusini, waliona humo mateso ya Bwana Yesu. Misumari mitatu. Majeraha matano. Zile nyuzi za duara wakasema ni taji la miiba. Ndiyo maana likaitwa pasheni. Neno hilo maana yake ni mateso. Wako vijana wanaodhani ni tunda la mapenzi kwa sababu neno hilo kwa Kiingereza lina maana ya mapenzi pia. Hapana wanangu, ni mateso ya msalabani, na mimi mwaka ule niliyaonja ya kwangu.

Maana maua yalifunguka mengi, na yote yakaanguka. Linafunguka leo mchana, linafunga usiku, keshokutwa liko chini. Nikafagia. Nikaongeza samadi. Maua yakazidi, matunda hakuna. Nikanunua mbolea ya dukani ya kukuzia, nikaweka viganja viwili. Majani yakawa meusi kwa ukijani, matunda hakuna. Watu wakaniambia, mwalimu, huo mpasheni dume, ukate upande mwingine.

Naomba neno hilo tulizike leo. Mpapai una dume na jike, ni kweli. Mpasheni hauna. Kila ua la mpasheni lina kiume na kike humohumo, nimekuelezeni sasa hivi. Mipasheni mingapi imekatwa mtaani humu kwa kusingiziwa udume?

Aliyeniokoa ni bwana shamba mmoja mstaafu aliyepita kuomba maji ya kunywa. Akautazama mmea, akazunguka huku, akazunguka kule. Nilidhani ataniuliza habari ya dawa. Akaniuliza, "Mwenzake uko wapi?" Nikasema, mwenzake yupi? Akasema, "Mpasheni wa njano unaikataa chavua yake wenyewe. Usipoletewa ya mwingine, utachanua mpaka ufe."

Siku ya pili akarudi saa saba na nusu mchana. Mkononi ana kikopo cha plastiki, ndani kina maua mawili aliyochuma kwake. Akashika ua moja kwenye mmea wangu, akasema tungoje. Tungoje nini? Akanionyesha ile misumari mitatu: ilikuwa imesimama, inatazama juu. Tukakaa kwenye kivuli. Baada ya muda tukarudi, ikawa imeinama, imeshuka mpaka usawa wa ile chavua. "Sasa," akasema. Akachukua ua alilokuja nalo, akapangusa ile chavua ya njano kwenye vichwa vya misumari yote mitatu, taratibu, kama mama anavyompaka mtoto mafuta puani. Tukafanya kumi na mbili. Nikafunga kila moja kwa uzi mwekundu.

Siku ya tatu nikaenda kutazama. Maua yasiyo na uzi yameanguka. Yenye uzi, vile vitumbo vya kijani vimejaa, ukubwa wa dengu. Baada ya wiki moja, ukubwa wa limau. Kati ya kumi na mbili nilipata tisa. Mama zangu, nilisimama pale uani nikalia. Nilikuwa nimeuchapa mmea kwa mbolea mwaka mzima, nao ulikuwa unaomba mwenzake.

Kwa hiyo shikeni hili kuliko yote. Ukipanda wa njano, panda miwili, na isiwe imetoka kwenye shina moja. Ukikata vipande viwili vya mmea mmoja ukavipandikiza, hao ni mmoja, hawatasaidiana. Wa zambarau wenyewe hauna shida hiyo, unajitosheleza. Lakini wa njano, miwili. Kama ua wako ni mdogo, mwambie jirani apande wake upande wa pili wa ukuta.

Na saa mjue. Ua la njano linafunguka kama saa sita mchana, linafunga usiku. La zambarau linafunguka alfajiri, na mchana tayari linafunga. Mtu anayekwenda kutazama mpasheni wake wa njano asubuhi anakuta maua yamefumba, anarudi ndani. Nenda ukautazame baada ya chakula cha mchana. Ukimwagilia, mwagilia chini. Chavua ikilowa inapasuka na kazi imekwisha.

Sina budi kumtaja na mfanyakazi tunayemdhulumu. Mnamjua yule nyuki mkubwa mweusi, ana mlio mzito kama pikipiki ya mbali, anatoboa boriti za paa? Wengine wanamwita nyuki seremala. Watoto wanampiga na kandambili, watu wazima wanaziba tundu lake kwa sabuni. Huyo ndiye mwenye kazi ya mpasheni! Nyuki wetu wa asali ni mdogo, anaingia chini ya ile misumari, anabeba chavua anaondoka nayo, mgongo wake haufiki juu. Huyu mweusi mgongo wake unafika. Anakunywa utamu wa ua, anajipaka unga mgongoni, anakwenda ua jingine anaupangusa pale panapotakiwa. Mimi nimemfungia gogo kavu la mwembe kwenye nguzo ya uzio, ametoboa matundu yake humo, boriti zangu ameziacha. Na ukilazimika kupulizia dawa mmea wako, usipulizie mchana maua yakiwa wazi. Utamuua yeye, na msimu wako utakuwa umekwenda naye.

Kupanda kwenyewe siyo kazi kubwa, nitapita haraka. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, na kina vilevile. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na debe la samadi iliyooza vizuri, urudishe. Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi, iache ikae kwanza. Pawe na jua, na maji yasituame. Panda masika yanapoanza. Mizizi ya mpasheni iko juujuu, kwa hiyo jembe lisikaribie shina. Ng'oa magugu kwa mkono, weka matandazo ya nyasi kavu, ila yaache mbali na shina kama shibiri moja, shina lipumue. Maji yawe ya mfululizo. Siku nyingi kavu halafu gharika ya ghafla, mmea unaangusha maua na vitoto vyake.

Kichanja je? Hapo nina kisa. Mwaka wa tatu nilikuwa na mipasheni miwili mizuri juu ya waya, na nguzo zangu zilikuwa za miti niliyookota. Kila siku nikautazama mmea. Nguzo sikuzitazama. Usiku mmoja wa mwezi wa nne mvua ikanyesha na upepo, nikasikia kishindo nikadhani ukuta wa jirani. Asubuhi nikakuta kila kitu kiko kifudifudi kwenye matope. Mchwa walikuwa wamekula nguzo kuanzia chini, wakaacha ganda. Shina moja limekatika kabisa, matunda mabichi yametapakaa kama goroli. Niliyaokota ndoo mbili, na pasheni ikichumwa mbichi vile haiivi ikawa pasheni, inanyauka tu. Sasa nguzo zangu ni mabomba ya chuma yaliyochimbiwa kwa zege, urefu wa mita 2 juu ya ardhi, na waya wa geji 14 umekazwa kati yake. Mpasheni wenye majani yote na matunda yote ukiloa mvua ni mzigo wa watu wawili. Jenga kama unayejenga kwa ajili ya mzigo huo.

Na usiupeleke juu ya mwembe. Najua wengi mnafanya hivyo. Unapanda mpaka kileleni kwenye jua, unazaa huko, na wewe huku chini unahesabu maganda yanayodondoshwa na ndege. Utautembeleaje mmea ulio juu ya mwembe?

Tuje kwenye kisu. Kupogoa ndiko kunakotutisha. Mche ukiwa mdogo unauacha upande na shina moja tu kwenye kamba mpaka ufike kwenye waya. Machipukizi ya pembeni yote unayakwanyua. Ukifika kwenye waya unakata ncha, unatoa mikono miwili, mmoja kulia mmoja kushoto. Kwenye mikono hiyo yanashuka matawi kama pazia. Hilo pazia ndilo linalozaa. Lisiguse chini, likate likiwa juu ya ardhi kiasi cha kiganja.

Lakini siri iko hapa: pasheni inazaa kwenye tawi jipya. Tawi lililokwisha kuzaa halizai tena pale lilipozaa. Ukiliacha, linabaki linakula chakula, linafunika mwanga, linafuga wadudu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anakaa nasi mwaka niliojifunza haya. Akaniona nakata pazia zima baada ya mavuno, nimeacha vijiti vyenye macho matatu manne. Akatoka ndani bila viatu, akanishika mkono wenye kisu. "Mwanangu, umerukwa? Mti umetulisha, unauchinja?" Nikamwambia, mama, nipe miezi. Hakusema nami vizuri wiki mbili. Halafu kila asubuhi nikawa namkuta uani kabla yangu, ameinama, anahesabu vichipukizi vinavyotoka kwenye yale macho. Maua yalipokuja alinifuata jikoni akanishika mkono uleule. Baada ya hapo kisu cha kupogoa alikuwa anakitunza yeye, kwenye kanga yake ya pili, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumenyea kitunguu.

Kisu hicho tulikisafisha kabla ya kuhamia mmea mwingine, na hili siyo umaridadi. Kuna ugonjwa wa virusi unaofanya pasheni kuwa ngumu kama mti. Unalipasua tunda, ganda nene, ndani punje chache kavu. Majani yanakuwa na mabaka ya kijani na njano, yamejikunja. Unaenezwa na vidukari, wale wadudu laini wanaojazana kwenye ncha changa, na unaenezwa na kisu. Dawa yake haipo. Mmea ukiupata, ng'oa, choma. Inauma, lakini ukiuonea huruma mmoja unaua yote. Na msipande kunde wala maharage chini ya mpasheni. Najua nafasi ni ndogo, najua mboga ni muhimu, lakini virusi hivyo vinakaa na huko. Vidukari vyenyewe ukiviwahi vikiwa vichache, maji ya sabuni chini ya majani yanatosha. Utaviwahije? Nenda ukautazame. Geuza jani. Vidukari havikai juu kukungoja.

Sasa mniruhusu niseme habari ya mjomba wangu, na hapa naomba utulivu.

Mjomba alikuwa Mgeta, na wale mlio Waluguru wenzangu mnajua mjomba kwetu ni nani, maana ukoo wetu unafuata upande wa mama. Alikuwa na mipasheni ya zambarau arobaini, ndiyo iliyokuwa inalipa ada za watoto. Mwaka mmoja, mmea wa pembeni ukanyauka. Jana mzima, leo majani yamelegea kama ya mmea uliong'olewa, na udongo una maji. Akadhani fuko amekula mizizi. Wiki iliyofuata, wa jirani yake. Akang'oa, akapanda mche mpya kwenye shimo lilelile. Ukakua mpaka kifuani, ukanyauka. Akapanda tena shimo lilelile. Nilipokwenda kumsalimia ilikuwa imebaki kumi na mmoja, na alikuwa ameanza kusikiliza maneno ya kwamba kuna mtu anamfanyia.

Tuliukata mmoja pamoja, chini karibu na udongo. Ndani ya shina palikuwa na rangi ya kahawia, kama chai iliyomwagika kwenye karatasi. Huo ni mnyauko, ugonjwa wa ukungu unaoitwa fuzari. Unakaa kwenye udongo miaka na miaka, unaingia kwa mizizi, unaziba mishipa ya maji. Mmea unakufa kwa kiu maji yakiwa miguuni. Hapakuwa na mtu aliyemfanyia mjomba. Lilikuwa lile shimo.

Na ajabu ya Mungu, dawa iko kwa ndugu yake. Mpasheni wa njano mizizi yake inaustahimili mnyauko huo. Basi unachukua mizizi ya njano, unaibebesha kichwa cha zambarau. Mche wa njano ukifika unene wa penseli, unaukata kichwa kwa wembe mpya, unalipasua shina katikati, kina cha kidole. Unachukua kikonyo cha zambarau cha unene uleule, chenye macho mawili matatu, unakichonga pande zote mbili kiwe kama kabari. Unakichomeka, ganda liguse ganda. Ukikosa hapo umekosa yote: ganda liguse ganda. Unafunga kwa ukanda wa nailoni kwa kukaza, juu unavisha kile kimfuko cha barafu za watoto, unaweka kivulini. Wiki tatu ukiona jicho linavimba kijani, wamekubaliana.

Ukiupanda, ile sehemu ya kuungia iwe juu ya udongo, mbali na matandazo, isije zambarau ikatoa mizizi yake na kuugusa tena ule ugonjwa. Na chochote kinachochipua chini ya maungio, kwanyua; hiyo ni njano inataka kurudi kutawala.

Mjomba alikuwa na miaka sabini na kitu, mikono inatetemeka. Hakuweza kushika wembe. Alikaa kwenye kigoda akashika miche, mimi nikakata. Tulibebesha thelathini siku mbili. Zilishika ishirini na moja. Alipanda sehemu mpya ya shamba, ng'ambo ya mfereji. Aliishi mpaka akala pasheni zake.

Ninamalizia na kuchuma, maana naona mwenyekiti anatazama mawingu. Tangu ua kukubali mpaka tunda kuiva ni kama miezi miwili na nusu. Usilichume. Likiiva linadondoka lenyewe, unaokota asubuhi na jioni. Likikaa kidogo linakunjamana, na hapo utamu umeongezeka. Msitupe pasheni kwa sababu ya mikunjo. Watoto wakatazeni kabisa kutafuna zile mbichi za kijani na majani yake, zina sumu. Na mkitengeneza juisi, mashine izunguke sekunde chache tu, kisha chujio. Ukizisaga punje, juisi inakuwa na ukakasi. Mmea wenyewe utakuzalia vizuri miaka mitatu, minne, mitano ukijaliwa, kisha unachoka. Kwa hiyo kabla haujachoka uwe umeshaandaa mtoto wake.

Na ndiyo maana leo sikuja mikono mitupu. Pale kwenye ngazi kuna mabeseni mawili ya miche ya njano. Beseni la bluu ni watoto wa mpasheni wangu. Beseni jekundu ni watoto wa mpasheni wa yule bwana shamba, kutoka upande wa pili wa mji. Naomba msigombanie mizuri. Kila mtu achukue miwili, mmoja wa bluu, mmoja wa jekundu. Mwenye ua mdogo achukue mmoja, jirani yake achukue wa rangi nyingine, na mniambie kabla hamjaondoka nani anapakana na nani. Vijana wa kwenye mkeka, anzeni kuwagawia wazee.